Kiingereza, Wenyewe na Wanafunzi Wake

Karne ya 16 ilipokaribia ukingoni, Kiingereza kilikuwa lugha ya watu wapatao milioni nne au tano, karibu wote wakiishi kwenye visiwa vya kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Mwaka 1582 Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, aliandika kitabu cha kuitetea lugha hiyo, na hata yeye alikiri kwamba haivuki bahari, na kwamba ndani ya kisiwa chenyewe haijaenea kote. Miaka minne kabla yake John Florio, mwana wa mkimbizi wa Kiitaliano, alitoa kitabu cha kuwafundisha Waingereza Kiitaliano. Humo alieleza kwamba Kiingereza humfaa mtu akiwa England, lakini akishaipita bandari ya Dover hakina thamani yoyote. Wala hakuwa akitukana. Mfanyabiashara wa London aliyekwenda Antwerp au Venice alilazimika kujua Kifaransa, Kiitaliano au Kilatini, kwa sababu huko hapakuwa na mtu aliyejisumbua kujifunza lugha yake.

Historia hiyo husahaulika kila inaposemwa kwamba Kiingereza kimeenea duniani kwa kuwa ni rahisi, au kwa kuwa kina msamiati mpana kuliko lugha nyingine. Msamiati wake ulipanuka baada ya lugha yenyewe kupanuka. Urahisi wake nao ni wa kutiliwa shaka, kwani tahajia yake huwatesa hata watoto waliozaliwa nayo, na vitenzi vyake visivyofuata kanuni hukaririwa kimoja kimoja. Lugha hupandishwa na meli, viwanda, majeshi na fedha za wanaoizungumza. Isaac Newton aliandika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 kwa Kilatini ili asomwe Ulaya nzima. Kitabu chake cha nuru cha mwaka 1704 alikiandika kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo hakuna kilichobadilika katika sarufi ya Kiingereza. Kilichobadilika ni uzito wa London.

Baadaye yakafuata makoloni ya Amerika na Karibiani, kisha India, ambako mwaka 1835 Thomas Macaulay alipendekeza elimu ya Kiingereza kwa kundi dogo la Wahindi ambao wangekuwa wakalimani kati ya watawala na mamilioni ya watawaliwa. Himaya nyingi zimefanya hivyo na lugha zao zikafifia pamoja nazo. Kilichokiokoa Kiingereza ni bahati ambayo Kifaransa, Kireno na Kihispania hazikuipata: Uingereza ilipoishiwa nguvu baada ya vita vya pili vya dunia, taifa lililochukua nafasi yake lilikuwa Marekani, na Marekani ilizungumza lugha ileile. Kijiti kilipokezanwa bila lugha kuanguka.

Dalili ya kwanza ya wazi ya mabadiliko hayo ilionekana Paris mwaka 1919. Kwa zaidi ya karne mbili Kifaransa kilikuwa lugha ya mabalozi wa Ulaya, lakini Mkataba wa Versailles uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na matini zote mbili zikawa na nguvu sawa. Sababu mojawapo ilikuwa nguvu ya Marekani. Nyingine ilikuwa ya kibinadamu zaidi. Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alikijua Kiingereza vizuri, maana alipokuwa kijana aliwahi kuishi Marekani na kufundisha katika shule ya wasichana huko Connecticut. Woodrow Wilson na David Lloyd George hawakukimudu Kifaransa kwa kiwango hicho. Basi viongozi hao walipokaa faraghani, mazungumzo yaliifuata lugha ya wasiojua lugha ya mwenzao. Aliyejifunza ndiye aliyesogea, na kwa kusogea kwake akaidhoofisha lugha yake mwenyewe. Kanuni hiyo imejirudia tangu siku hizo katika vikao visivyohesabika: mwenye nguvu halipi gharama ya kutojua lugha ya mwenziwe, na ujuzi wa mnyonge humfungulia mlango huku ukimthibitishia mwenye nguvu kwamba hana haja ya kujifunza.

Katika sayansi mambo yalikwenda polepole zaidi. Kabla ya mwaka 1914 mwanakemia asiyesoma Kijerumani alijulikana kuwa na upungufu, awe ametoka Tokyo au Chicago. Vita vya kwanza vilipokwisha, wanasayansi wa nchi zilizoshinda waliwatenga wenzao wa Ujerumani na Austria katika mikutano na majarida mapya. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ukamalizia kazi kwa kuwafukuza vyuoni walimu wa Kiyahudi na wapinzani wake, na wengi wao wakahamia Uingereza na Marekani, ambako walianza kuandika kwa Kiingereza. Lugha ya sayansi ilihamishwa na wenyewe walioikimbia nchi yao.

Usafiri wa anga unaonyesha upande mwingine, yaani kiasi cha lugha kinachohitajika hasa. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa, moja ya Uholanzi na nyingine ya Marekani, ziligongana uwanjani Tenerife katika ukungu, na watu 583 wakafa. Ni ajali iliyoua wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Miongoni mwa sababu zake kulikuwa na maneno ya redioni: rubani wa Kiholanzi na mwongoza ndege wa Kihispania walizungumza Kiingereza ambacho kila mmoja alikielewa kwa namna yake. Baada ya hapo misemo ya redioni ilibanwa zaidi, na kuanzia mwaka 2008 shirika la kimataifa la usafiri wa anga likaweka kiwango cha chini cha Kiingereza kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa. Kiingereza hicho ni kidogo, kikavu na kilichopimwa. Hakimtaki rubani asome tamthilia, na wazawa wa lugha nao wanatakiwa kukifuata, kwa kuwa utani na lahaja zao huweza kuua.

Leo makadirio ya kawaida yanawataja watu wapatao bilioni moja na nusu wanaokitumia Kiingereza kwa kiwango fulani, na wanaokizungumza tangu utotoni hawafiki milioni mia nne. Kwa maneno mengine, takriban robo tatu ya wanaokitumia wamejifunza. Mturuki akimuuzia Mbrazili mashine, au Mtanzania akiagiza bidhaa Guangzhou, Kiingereza hutumika bila Mwingereza kuwapo hata kwa mbali. Mwanaisimu wa Kihindi Braj Kachru alizigawa nchi zinazokitumia katika duara tatu: za wenyewe, za waliotawaliwa nao, na za wanaojifunza kwa hiari yao. Mgawanyo huo wa miaka ya 1980 umechakaa kidogo, lakini unasaidia kueleza jambo la ajabu, yaani kwamba mtazamo kuhusu kujifunza lugha za watu hutofautiana sana kutoka duara moja hadi jingine.

Ndani ya duara la wenyewe, ushindi wa Kiingereza umeua hamu ya lugha nyingine. Mwaka 2004 serikali iliondoa ulazima wa somo la lugha ya kigeni kwa wanafunzi wa England waliotimiza miaka 14. Hadi hapo wanafunzi wanaokaribia robo tatu walikuwa wakifanya mtihani wa lugha mojawapo. Miaka michache baadaye hawakufika nusu. Kijerumani ndicho kilichoumia zaidi, ingawa Ujerumani ni mshirika mkubwa wa biashara wa Uingereza. Vyuo vikuu navyo vikaanza kufunga idara kwa kukosa wanafunzi. Hoja inayosikika ni kwamba dunia nzima inajua Kiingereza. Hoja hiyo ina walakini. Mwingereza asiyejua Kijerumani atamwelewa Mjerumani anapozungumza naye, lakini hatawaelewa Wajerumani wanapozungumza wao kwa wao, na huko ndiko maamuzi hufanyika.

Marekani imepitia hali kali zaidi, na mara nyingine ya hofu. Mwaka 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kupiga marufuku lugha zote za kigeni hadharani, hata kwenye simu na makanisani. Mwaka uliofuata jimbo la Nebraska likatunga sheria iliyokataza kuwafundisha watoto wadogo lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha mtoto wa miaka kumi Kijerumani, akakata rufaa, na mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo. Mafundisho ya Kijerumani shuleni, hata hivyo, yalikuwa yameporomoka na hayakurudi yalikokuwa.

Marekani hiyohiyo huzikumbuka lugha pale inapotishwa. Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, ambayo pamoja na hesabu na sayansi ilifadhili ufundishaji wa lugha zilizokuwa hazifundishwi sana. Kiswahili kilinufaika. Maelfu ya Wamarekani waliojifunza Kiswahili vyuoni walifadhiliwa, kwa njia moja au nyingine, na woga wa chombo kilichozunguka angani. Baada ya Septemba 2001 ikawa zamu ya Kiarabu, kwa kuwa idara za usalama zilijikuta na rekodi nyingi na wachache wa kuzisikiliza. Hofu ikipoa, fedha hupungua. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kilitangaza mpango wa kuivunja idara yake yote ya lugha za dunia, kabla ya malalamiko kukifanya kibakize masomo machache.

Waingereza hawakuzipuuza lugha za wengine kila mahali na kila wakati. Huko Zanzibar, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichotumika kwa miongo mingi. Katika Tanganyika chini ya Waingereza, ofisa kijana wa utawala alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ndipo athibitishwe kazini. Wajerumani walitangulia: chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kilimwajiri Amur bin Nasur, mtu wa Zanzibar, awafundishe maofisa Kiswahili kabla hawajapanda meli. Mtawala aliyetaka kukusanya kodi na kusikiliza kesi alihitaji lugha ya watu, naye alijifunza. Haja ilipokwisha na mitihani ikaisha.

Kwa upande wa wanaojifunza, dunia imejaa mifano ya jitihada kubwa na mavuno haba. Hungaria, kama nchi nyingine za Ulaya ya mashariki, iliwalazimisha watoto wote kusoma Kirusi kwa miaka mingi. Ulazima huo ulipofutwa mwaka 1989, ilionekana kwamba watu waliokaa darasani miaka minane au zaidi hawakuweza kuagiza chakula kwa lugha hiyo. Walimu walikuwapo na vitabu vilikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya mwanafunzi mwenyewe, kwani lugha ililetwa na vifaru. Serikali ikalazimika kuwafunza upya walimu wa Kirusi wafundishe Kiingereza na Kijerumani, lugha ambazo vijana walikuwa tayari wanazitafuta.

Korea Kusini ni kinyume chake, nchi ambayo hamu imepita kiasi. Katika siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege hazitui wala kupaa kwa takriban nusu saa wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ili kelele zisiwasumbue watahiniwa. Jioni watoto hujazana katika vituo vya masomo ya ziada, na wazazi hulipa fedha nyingi. Hata hivyo malalamiko kwamba wahitimu hawawezi kuzungumza hayaishi, kwa sababu mtihani umekuwa wa kuchuja watu, na Kiingereza kimegeuka kuwa chujio. Mwanafunzi anajua kukisia jibu sahihi kati ya matano, na ujuzi huo hauna kazi nje ya chumba cha mtihani.

Nchi za kaskazini mwa Ulaya ndizo zinazotajwa kuwa zimefaulu, na inafaa kuangalia zilifanya nini. Mtoto wa Uholanzi, Sweden au Finland husoma hesabu, historia na biolojia kwa lugha ya nchi yake. Kiingereza ni somo, linalofundishwa na mwalimu aliyesomea kulifundisha. Nje ya darasa mtoto hukisikia kila siku, maana filamu na vipindi vya nje huonyeshwa kwa sauti ya asili na tafsiri huandikwa chini ya picha, tofauti na Ujerumani, Italia au Hispania ambako waigizaji hutiwa sauti za nyumbani. (Vibanda umiza vya Dar es Salaam, ambamo msimuliaji huifunika sauti ya filamu nzima kwa Kiswahili chake, viko upande wa Italia.) Mtu anaweza kusema Kiholanzi na Kiswidi ni ndugu wa Kiingereza, kwa hiyo kazi ni nyepesi, na ni kweli. Kifini lakini hakina udugu wowote na Kiingereza, na Wafini wanakijua vizuri.

Nchi hizo pia zimeanza kuona mwisho wa njia hiyo. Sweden ilitunga sheria ya lugha mwaka 2009 ikataja rasmi kwamba Kiswidi ndicho lugha kuu ya nchi, jambo ambalo awali halikuhitaji kuandikwa. Uholanzi, baada ya vyuo vikuu vyake kuhamishia masomo mengi kwenye Kiingereza, imekuwa katika mjadala mkali wa kisheria kuhusu namna ya kukirudisha Kiholanzi. Watu wanaokimudu Kiingereza kuliko karibu wote duniani ndio walioona kwamba elimu ya juu haipaswi kukabidhiwa lugha hiyo moja kwa moja.

Japani ilikutana na swali hilo mapema zaidi. Mwaka 1872 Mori Arinori, mwakilishi wa Japani huko Washington, alimwandikia mwanaisimu William Dwight Whitney wa Yale kutaka maoni juu ya Japani kuchukua Kiingereza kilichorahisishwa. Whitney alimshauri asifanye hivyo, kwa kuwa elimu ya umma isiyotolewa kwa lugha ya umma ingewaacha wengi nje. Japani ikachagua kutafsiri. Istilahi za sheria, tiba na uhandisi zikaundwa kwa Kijapani, na vizazi vya wahandisi vikasomeshwa humo. Wajapani wanasemwa hadi leo kuwa Kiingereza chao ni kibovu, lakini hakuna anayesema uhandisi wao ni mbovu.

Afrika Mashariki ilielekea njia nyingine, na hapa ndipo suala linapokuwa zito. Rwanda iliamua mwezi Oktoba 2008 kuhamisha elimu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Siasa ilikuwa wazi: uhusiano na Ufaransa ulikuwa umevunjika tangu 2006, viongozi wengi walikulia Uganda, nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Gharama iliwaangukia walimu, ambao walifundisha kwa Kifaransa na kwa muda mfupi wakaambiwa wafundishe hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishwa kwenye Kinyarwanda. Mwaka 2019 yakapelekwa tena kwenye Kiingereza. Watoto wa nchi ambayo karibu kila mtu anazungumza lugha moja wamehamishwa hivyo ndani ya miaka michache.

India ina udhuru ambao Rwanda haina. Katiba yake ya mwaka 1950 ilikipa Kiingereza miaka 15 ya kuendelea kutumika serikalini, kisha Kihindi kishike hatamu. Muda ulipowadia mwaka 1965, Watamili wa kusini waliandamana, damu ikamwagika, na Kiingereza kikabaki. Kilibaki kwa kuwa hakikuwa lugha ya jimbo lolote, na hivyo hakuna aliyejiona ameshindwa na jirani yake. Nigeria ina hoja ya aina hiyo. Tanzania haina, kwa kuwa kazi ya kuwaunganisha watu ilikwishafanywa na Kiswahili.

Ndiyo maana historia ya Tanzania inashangaza. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, na kilichotarajiwa ni kwamba sekondari ingefuata. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo katika ripoti yake ya mwaka 1982. Serikali ilikataa. Nyerere mwenyewe, aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia na kwamba kisipofundishiwa shuleni kitakufa nchini. Mwaka huohuo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali na kuona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Baada ya ripoti hiyo Uingereza ilifadhili mradi wa vitabu vya kusoma, na lugha ya kufundishia haikuguswa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza mahali pake sekondari.

Matokeo yanajulikana kwa kila aliyepita kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili huingia katika darasa ambamo fizikia, historia na jiografia zimebadilika lugha kwa pamoja, baada ya kozi fupi ya kumzoeza. Mwalimu husoma ubaoni kwa Kiingereza, huona macho yaliyokodoka, kisha hueleza kwa Kiswahili na kuandika nukuu kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri nukuu. Mtihani huuliza kwa Kiingereza, na anayeshindwa haieleweki kama ameshindwa fizikia au lugha. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliliita jambo hilo mgogoro katika kitabu chao cha mwaka 1997, na Qorro amerudia kwa miaka mingi kwamba kukifundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza ni kazi mbili tofauti. Utetezi wa Nyerere uliichukulia kazi ya pili kuwa njia ya kuifikia ya kwanza. Miaka arobaini ya ushahidi haijaiunga mkono: hiyo njia imeharibu fizikia na haikukiokoa Kiingereza.

Wazazi wanaopeleka watoto katika shule za inglishi midiamu hawastahili kubezwa. Wanaona usaili wa kazi ukifanywa kwa Kiingereza, wanaona watoto wa shule hizo wakifaulu, na wanafanya hesabu. Wasichokitenganisha na lugha katika hesabu hiyo ni ada. Shule yenye wanafunzi thelathini darasani, vitabu vya kutosha na mwalimu anayelipwa kwa wakati ingefaulisha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa Kireno, na sifa yote hupewa lugha.

Pamoja na ada hununuliwa aibu. Katika shule za Wales za karne ya 19, mtoto aliyesikika akizungumza Kiwelsh alivishwa kipande cha ubao shingoni, akakipitisha kwa mwenzake atakayekosea, na wa mwisho kukutwa nacho akachapwa. Kifaa cha namna hiyo kilitumika Brittany dhidi ya Kibretoni, na Okinawa dhidi ya lugha za huko. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi alivyokikuta katika shule za Kenya ya kikoloni miaka ya 1950, kwa waliosikika wakisema Kigĩkũyũ, na kilidumu baada ya uhuru kwa jina la diski. Walichofundishwa watoto hao kwa ufanisi kilikuwa woga wa kukosea, na woga huo ndio adui mkubwa wa anayejifunza lugha yoyote. Msomi wa Afrika Mashariki anayenyamaza mkutanoni kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chake hakuzaliwa hivyo.

Pwani inatoa ushahidi wa upande wa pili. Italia ilijenga kituo chake cha kurushia vyombo vya anga karibu na Malindi katika miaka ya 1960, watalii wakafuata, na leo wauza vinyago, madereva na wahudumu wa Malindi na Watamu huzungumza Kiitaliano bila kukisoma darasani. Ndivyo ilivyo Kiwengwa na Nungwi huko Unguja. Waongoza watalii wa Arusha na Moshi hujifunza Kijerumani, Kihispania au Kifaransa kwa kuwa mgeni humlipa zaidi anayemwelewa, na wafanyabiashara wa Kariakoo hurudi kutoka China na Kichina cha bei na vipimo. Hakuna anayewacheka wakikosea, wala wao wenyewe hawajali. Wanajifunza kama walivyojifunza mababu zao waliokutana na Waarabu na Wahindi bandarini, kidogokidogo, kwa faida iliyo mbele yao.

Shule ingeweza kuwafuata wanafunzi hao, lakini fikra ya lugha ya kigeni imebanwa ndani ya Kiingereza. Tanzania inapakana na nchi nane. Mbili kati yake, Burundi na Kongo, hutumia Kifaransa katika ofisi, na shehena ya Kongo ni riziki kubwa ya bandari ya Dar es Salaam. Ng'ambo ya Ruvuma ni Kireno. Kifaransa hufundishwa katika sekondari chache, na Kireno karibu hakuna.

Programu za kutafsiri kwa kompyuta zimeanza kuwashawishi wengi kwamba mjadala wote umepitwa na wakati. Kwa barua ya kibiashara au maelezo ya dawa, kati ya lugha zenye maandishi mengi mtandaoni, zinafanya kazi ya kutegemewa. Kwa Kiswahili hufanya vizuri kiasi, na hukosea zaidi kadiri matini inavyotoka katika habari na kuingia katika utani, sheria au mashairi. Kwa lugha nyingi za Tanzania hazina la kusema. Inaelekea wa kwanza kuacha kujifunza kwa sababu ya programu hizo watakuwa wale waliokuwa wameshaacha, yaani wenye Kiingereza.

Wanaojifunza bado wanadaiwa cheti. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawahitaji kuthibitisha ujuzi wa Kiingereza wanapoomba viza ya masomo. Jamaika imo, Barbados imo, Malta imo. Hakuna nchi hata moja ya bara la Afrika. Kijana wa Kitanzania aliyefanya mitihani yake yote tangu kidato cha kwanza kwa Kiingereza hutakiwa mara nyingi kulipia mtihani mwingine kuonyesha kwamba anakijua, na matokeo yake hukubaliwa kwa miaka miwili tu.